Gauni Nililolirudisha Mugumu

Mafuta ya cherehani yana harufu yake, na ukiijua huisahau. Inakaribia ile ya mafuta ya taa lakini ni laini zaidi, na ikichanganyika na harufu ya kitambaa kipya ambacho hakijawahi kuguswa na maji, mimi hutafuta mlango. Desemba iliyopita nilimpeleka binti yangu kwa fundi akapimwe gauni la Mwaka Mpya. Fundi, mama mmoja mcheshi, alimzungushia utepe kifuani akamwambia atulie, na mtoto akawa anacheka kwa kutekenywa. Mimi nikatoka nje, nikasimama kando ya mtaro. Nilimwambia fundi napokea simu. Hakuna aliyekuwa amenipigia.

Nawaandikia wenzangu wa rika langu, tuliokulia vijijini huku Serengeti na Tarime wakati kitongoji kizima kilikuwa na simu mbili, na nguo mpya ilikuja mara moja kwa mwaka. Kwa wengi wenu nguo hiyo ilikuwa ya Krismasi. Kwetu Busawe, katika mji wa Bibi Wankuru, yaani boma lake, ilikuwa ya Mwaka Mpya. Bibi hakuwa mtu wa kanisa. Krismasi alimwachia mama yangu na Wakristo wenzake, akawapikia chai wakirudi ibadani, basi. Lakini siku ya kwanza ya Januari ilikuwa yake.

Aliianza kabla jua halijatoka. Aliondoa majivu yote jikoni, akayamwaga nyuma ya zizi, akawasha moto upya. Sakafu ilikuwa imesilibwa kwa samadi ya ng'ombe tangu jana yake, imekauka, na ukitembea peku unasikia ubaridi wake ukipanda mpaka magotini. Kisha alitupanga mlangoni, mimi na mdogo wangu Mwita, akatupaka siagi usoni mpaka tunang'aa, na akatukumbusha sheria yake moja.

"Leo hakuna anayelia," alisema. "Atakayelia leo atalia mwaka mzima, na sote tutalia naye."

Sijawahi kuisikia sheria hiyo katika mji mwingine wowote. Nadhani aliitunga mwenyewe, katika mwaka mmojawapo kati ya ile aliyozika watoto wake. Lakini sisi tuliishika kama amri. Mwaka mmoja niling'atwa na nyuki kwenye kope siku hiyo, nikauma kanga ya mama mpaka ikatoboka, na sikutoa sauti.

Ni lazima niwaeleze mji wetu ulivyokuwa, maana wengine mtashangaa. Bibi Wankuru hakumzaa mama yangu, wala hakumzaa baba yangu. Alimuoa mama. Sisi Wakurya tunaiita nyumba ntobhu: mwanamke mzee aliyefiwa na mume na hana mtoto wa kiume anatoa ng'ombe, anaoa binti, na watoto watakaozaliwa na yule binti wanakuwa watoto wa mji wake, wenye jina la marehemu mumewe. Mwanaume aliyetuzaa alikuwepo mahali fulani, lakini hakuwa na kiti kwetu. Mimi sikujua kwamba hilo ni jambo la kuelezwa. Nilijua tu kwamba zamani ng'ombe walitoka zizini kwa Bibi, na mama akaingia. Bibi alikuwa akinionyesha hata njia waliyopitia.

Mama yangu, Gati, alikuwa na miaka kama ishirini na mitano mwaka huo ninaousema. Kwangu alikuwa mtu mzima kabisa. Leo nina umri unaouzidi wake wa wakati ule, na nikimkumbuka namuona msichana: mwembamba, mikono mirefu, anayecheka akiwa ameziba mdomo kwa kiganja. Bibi alimpenda. Nalisema hilo kwa sababu ni kweli. Walilima pamoja, waliota moto pamoja, na mama akiumwa Bibi ndiye aliyemkanda. Lakini jioni zingine mama alikaa kwenye jiwe karibu na mlango wa boma akitazama barabara, na Bibi alimtazama mama.

Mimi nilikuwa na miaka minane, na mwaka huo nilitaka gauni la kushonwa. Si la mtumba. La kushonwa, la bluu, lenye lesi nyeupe shingoni, kama nililoliona kwa binti wa mwalimu. Niliomba tangu mahindi yakiwa magotini. Niliomba mpaka mama akachoka, na mwezi wa kumi na moja, baada ya kuuza ulezi, akanipeleka Mugumu kwa fundi Shabani.

Fundi Shabani alikuwa na cherehani yake kwenye kibaraza cha duka, katika safu ya mafundi. Baba yake alikuja zamani kutoka pwani, na yeye mwenyewe alizaliwa hapo hapo Mugumu, alivaa kofia nyeupe iliyofuliwa vizuri na alisema Kikurya bila kigugumizi. Alinipima taratibu. Alimuuliza mama, "Huyu anakua haraka, niache upindo?" Mama akajibu kitu nisichokisikia, na wote wawili wakacheka, mama akiwa ameziba mdomo.

Gauni halikwisha haraka. Hivyo ndivyo nilivyoelewa mimi. Mama alikwenda Mugumu wiki iliyofuata kuliangalia, akarudi bila gauni. Akaenda tena. Akasema lesi imepungua. Akaenda tena, akasema mikono imekosewa. Mimi nilihesabu kila safari kwa furaha, kwa sababu niliamini gauni linalochukua muda mrefu namna hiyo lazima litakuwa zuri kuliko yote. Nilimsimulia Mwita, aliyekuwa na miaka mitatu na hakujali. Nilimsimulia Bibi.

"Mama amekwenda tena kwa fundi," nilimwambia. "Gauni langu ni gumu sana kushona, Bibi."

Bibi alikuwa akipura ulezi. Alinyanyua fimbo, akakaa nayo hewani kidogo. "Nimesikia," alisema, akaendelea kupura.

Gauni lilifika siku mbili kabla ya Mwaka Mpya. Lilikuwa zuri kweli. Upindo ulikuwa mkubwa, wa kukaa miaka miwili. Nililinusa usiku na mchana, ile harufu ya mafuta na kitambaa kipya, na mama alinitazama nikilinusa, akaniambia, "Nyangi, ukiwa na hilo utapendeza hata kwa wageni." Nilidhani anasema wageni wa sikukuu.

Siku yenyewe ilikuwa nzuri. Jua la Januari, mahindi ya vuli yakiwa tayari kuvunwa, na moshi wa jikoni kila mji ukipanda wima. Mama alikwenda ibada ya asubuhi akarudi mapema. Tulipika wali, nyama ya mbuzi, na kabichi. Palikuwa na kreti ya soda kivulini chini ya ghala, imefunikwa kwa gunia lililolowanishwa maji. Watoto wa jirani walipita wakisema heri ya Mwaka Mpya, na Bibi akawapa peremende moja moja kutoka kwenye fundo la kanga yake. Saa saba hivi akafika Babu Marwa, mdogo wa marehemu mume wa Bibi, na fimbo yake na koti lake la sikukuu. Huyo ndiye aliyekuwa mwanaume wa mji wetu kila palipohitajika mwanaume.

Tulikula. Na baada ya kunawa, mama akapiga magoti mbele ya Bibi.

Nilidhani anataka kumtakia heri. Alikuwa amevaa viatu, jambo ambalo hakulifanya nyumbani. Alisema kwa sauti ndogo, "Mama, naomba uniruhusu niende."

"Uende wapi?" Babu Marwa akadakia.

Bibi hakuuliza wapi.

"Nimepata mtu," mama akasema. "Ni mtu mwema. Amezungumza na kaka zangu. Ng'ombe watarudi wote, na ndama wao. Sitaki nimtoroke Mama usiku kama mwizi. Nimesema niombe mchana, siku nzuri, tukiwa wote."

Leo naielewa akili yake. Alichagua siku ambayo katika mji wetu hakuna anayepiga kelele wala anayelia. Alijikinga kwa sheria ya Bibi. Lakini hakuona kwamba sheria hiyo ingemfunga na yeye.

Babu Marwa alichora mstari vumbini kwa fimbo. "Sikiliza, Gati. Ng'ombe walitoka mji huu, wewe ukaingia. Wakirudi, wewe unatoka. Hilo halina ugomvi. Kilichotolewa kikirudi, mtu naye anarudi alikotoka. Lakini watoto wamezaliwa juu ya ng'ombe wa kaka yangu. Watoto hawatoki."

"Mwita bado mdogo," mama akasema. "Bado analala kifuani kwangu."

"Watoto hawatoki."

Mama akamgeukia Bibi. "Mama?"

Nilimtazama Bibi na mimi. Nilikuwa nimeshika chupa yangu ya soda ya machungwa, imebaki nusu. Jogoo akapita katikati yetu akidonoa wali ulioanguka. Bibi akanyanyuka, akaingia nyumbani kwa mama, akatoka na begi. Lilikuwa limeshafungwa. Alilijua lilipo. Akaketi nalo mkekani, akafungua zipu, akaanza kutoa nguo zetu.

Hakutoa kwa hasira. Alitoa moja moja. Kaptula ya Mwita. Sweta yangu ya shule. Kofia ya Mwita ya sufu aliyovaa alipozaliwa. Kila aliyoitoa aliikunja upya, akaiweka kwenye goti lake. Mama alizitazama akiwa bado amepiga magoti. Mwisho begi likawa jepesi, limelala ubavu, na ndani zimebaki nguo za mama peke yake.

"Nenda," Bibi akasema. "Sina neno baya na wewe. Umenilimia, umenizalia. Lakini nikikupa hawa, Gati, nitamfungulia nani mlango? Nitamwita nani jina la mume wangu? Mji utazimika."

"Nitakuja kuwachukua."

"Utakuja kuwasalimia," Babu Marwa akamrekebisha.

Mama alimchukua Mwita, akamnusa shingoni, akamrudisha kwa Bibi. Mwita alikuwa na wali mdomoni na alitaka kushuka. Halafu akaja kwangu. Alininyooshea kola, ile lesi, ingawa ilikuwa imenyooka. Macho yake yalikuwa yamejaa, na niliona anavyohangaika yasimwagike, kwa hiyo nikamsaidia kwa kukumbusha sheria.

"Usilie, mama," nilimwambia. "Leo ni tarehe moja."

Akaitikia kwa kichwa. Hakulia. Mimi pia sikulia. Alitoka mlango wa boma na lile begi jepesi, akapita njia ile ile waliyopitia ng'ombe, na kule barabarani pikipiki ilikuwa ikimngoja. Hakugeuka nyuma. Nilimalizia soda yangu. Kisha, na hili huwa silisemi, nikanywa na ya kwake, maana ilikuwa imebaki na jua lilikuwa likiipasha moto.

Asubuhi iliyofuata Bibi alituamsha, akatukalisha kitandani kwa mama, akasema, "Sasa lieni. Leo inaruhusiwa." Mwita alianza kutafuta chini ya blanketi. Mimi nilijaribu kulia nikashindwa. Machozi yalikuwa yamepita siku yake.

Siku mbili nzima sikutoka nje ya boma. Babu alisema watoto hawatoki, nami nilielewa kama ilivyosemwa: tukivuka ule mlango kutatokea jambo baya zaidi. Nilimzuia hata Mwita asikimbize kuku nje. Bibi alipogundua alinishika mkono, akanivusha mwenyewe, akasema, "Siyo hivyo, mjukuu wangu." Lakini hakusema basi ni vipi.

Kwa hiyo nikatafuta mwenyewe. Shule ilifunguliwa, nikaingia darasa la tatu, na njiani kwenda na kurudi nikawa nawaza. Kilichotolewa kikirudi, mtu naye anarudi alikotoka. Bibi alitoa ng'ombe, akampata mama. Je, fundi Shabani, ambaye watu njiani walisema mama yuko kwake, alitoa nini? Nililiwaza hilo mara nyingi, na kila mara nilifika mahali pamoja. Alitoa gauni. Zile safari zote, lesi iliyopungua, mikono iliyokosewa, yalikuwa mazungumzo ya bei. Gauni likaja kwetu, na siku mbili baadaye mama akaenda kwake. Na nani aliyelilia lile gauni tangu mahindi yakiwa magotini? Ni mimi. Mimi ndiye niliyemtoa mama.

Hakuna aliyeniambia sivyo, kwa sababu sikumwambia yeyote. Lakini wazo hilo lilikuwa na upande mwingine uliong'aa: kama gauni ndilo lililomtoa, gauni lingemrudisha.

Siku ya Mapinduzi, tarehe kumi na mbili, shule ilifungwa. Nilikuwa nimeisubiri. Asubuhi nililikunja gauni, nikalifunga ndani ya kitambaa, nikaenda kwa jirani yetu Mama Boke, aliyekuwa akipeleka kuku Mugumu kwa pikapu ya kukodi.

"Shikamoo, Mama Boke. Bibi amenituma kwa fundi. Gauni limenibana, linatakiwa kufumuliwa."

"Marahaba. Mbona hakuniambia mwenyewe?"

"Anaumwa mgongo."

Mama Boke alinitazama. Nadhani alijua, kama kijiji kizima kilivyojua. Alinipakia nyuma pamoja na matenga ya kuku, nikaenda nimekumbatia kifurushi changu, kuku wakinidonoa vidole kupitia matundu. Nilikuwa na furaha. Tangu tarehe moja ilikuwa siku yangu ya kwanza kuwa na furaha. Nilikuwa nimepanga maneno yote: nitampa fundi gauni kwa mikono miwili, nitamwambia asante, ni zuri lakini tunalirudisha, na mama atachukua begi lake kutoka ndani, na tutarudi naye tukae nyuma pamoja na matenga matupu.

Safu ya mafundi ilikuwa imefungwa karibu yote. Bendera zilikuwa zimetundikwa, redio moja ilikuwa ikitoa hotuba, na kibaraza cha fundi Shabani kilikuwa wazi, kimefagiliwa, bila cherehani. Mlango una kufuli. Jirani yake, mzee mmoja aitwaye Mzee Omari, alikuwa amekaa mlangoni mwa duka lake la viungo na udi, akisoma gazeti la zamani.

"Shikamoo, babu. Fundi atafungua saa ngapi?"

"Marahaba, mwanangu. Leo sikukuu, leo Mapinduzi. Watu wamepumzika."

"Nitamsubiri."

Nikakaa kibarazani. Jua likasogea mpaka likanifikia vidole vya miguu, nikaikunja. Mzee Omari alinitazama mara kwa mara juu ya miwani. Mwishowe akaja, akachuchumaa kwa shida, magoti yakamlia.

"Wewe ni mtoto wa nani?"

"Wa Gati. Wa Busawe."

Aliposikia hivyo alishusha pumzi, akavua kofia, akaivaa tena. "Mwanangu, fundi Shabani hayupo hapa. Amehamia Sirari na mkewe. Wiki iliyopita walibeba cherehani kwenye lori."

Neno mkewe halikuniingia. Kilichoniingia ni Sirari. Sirari nilikuwa nikiisikia kama mahali dunia inapoishia, penye malori na Wakenya, ng'ambo ya Tarime kabisa. Nilijua pikapu ya Mama Boke haifiki huko.

"Wewe huwa unakwenda Sirari?" nilimuuliza.

"Kuna jamaa yangu huenda kuleta mzigo."

Nikamnyooshea kifurushi kwa mikono miwili, kama nilivyopanga. "Mpe fundi. Mwambie Nyangi amerudisha gauni. Mwambie mama alione."

"Alione?"

"Alione gauni. Ajue limerudi."

Mzee Omari alishika kile kifurushi, akakigeuza. Aliona lesi imechungulia. Nadhani alitaka kunikatalia, na nadhani alitaka kuniuliza, lakini mimi nilikuwa nimeshaanza kulia, kwa mara ya kwanza tangu mama aondoke, na yeye alikuwa mzee mwenye gazeti la zamani asiyejua la kufanya na mtoto wa watu. Akasema, "Inshallah litafika." Akaniletea chai ya tangawizi na kipande cha mkate. Nikala nikilia mpaka Mama Boke akaja kunichukua.

Bibi alikuwa amesimama barabarani tuliporudi. Hakunichapa. Alinitazama mikono mitupu.

"Gauni liko wapi?"

"Nimelirudisha. Ili mama arudi."

Bibi aliketi pale pale juu ya nyasi za kando ya barabara, mwanamke ambaye sikuwahi kumuona akikaa chini mbele ya watu wanaopita, akaweka viganja juu ya magoti. Aliweza kuzuia begi, aliweza kuzuia watoto, lakini hapo nilimuona hana cha kushika. "Haya," alisema hatimaye. "Tungoje basi."

Tukangoja. Kila jioni nilikaa kwenye lile jiwe la mama karibu na mlango.

Gauni lilifika. Hilo nililijua miaka mingi baadaye, nikiwa kidato cha pili, nilipopata nauli na ujasiri nikaenda Sirari mwenyewe. Mama alikuwa na kibanda cha chai karibu na malori, watoto wengine wawili, na Kiswahili chake kilikuwa kimeanza kuwa cha upande wa pili wa mpaka. Tulikaa tukitazamana kama watu waliokutana hospitali. Kisha akaingia ndani, akatoka na gauni la bluu, limekunjwa, na upindo wake haujafumuliwa.

"Hii si yako?" aliniuliza. "Ulinirudishia. Huyo mzee alituma tu neno moja, Nyangi amerudisha gauni. Nikajua umenikataa."

"Nilikuwa nakuita," nilimwambia.

"Ulikuwa unaniita?"

"Nilidhani gauni ndilo lililokutoa. Nikarudisha, ili na wewe urudi."

Alilishika gauni lile kwa muda. Nje dereva mmoja alikuwa akiomba chai kwa sauti, na mama hakumsikia. "Nilikuwa nimepanga kuja mwezi wa pili," alisema. "Nilikuwa nimenunua viatu vya Mwita. Gauni lilipofika nikasema, kama mtoto wangu mwenyewe hataki kitu kilichotoka kwa mkono wangu, naenda kufanya nini? Nikamwambia Shabani, tuwaache wakue." Hakuziba mdomo. Hakuwa akicheka. "Miaka yote hii, Nyangi."

Hatukulaumiana. Tulikosa hata wa kumlaumu. Bibi alikuwa amelinda mji wake, Babu Marwa alikuwa amesema desturi kama alivyofundishwa, Mzee Omari alikuwa ametimiza ahadi yake, na mimi nilikuwa na miaka minane. Bibi Wankuru alifariki nikiwa chuoni, na mama alikuja msibani, akapiga magoti tena pale pale, na safari hii alilia sana. Siku hizi tunapigiana simu mara moja kwa wiki. Tunazungumza habari za bei za vitu na mvua. Mwita humwita shangazi. Amejaribu kumwita mama, lakini anasema ulimi unakataa, na hakuna wa kuulazimisha.

Lakini hayo ni ya baadaye. Januari ile ilikuwa bado haijaisha, na bado kuna jambo moja ninalotaka kuwaambia.

Ilikuwa mchana, nimetoka shule, nimeketi kwenye jiwe langu nikichambua mboga. Bibi alikuwa akianika ulezi uani. Mwita alikuwa akimkimbiza mbuzi kule nyuma ya ghala, akajikwaa, akaanguka juu ya mawe, na goti likachanika. Nilimsikia akivuta pumzi ile ndefu ambayo watoto huivuta kabla ya kilio. Kisha akaja mbio, damu ikimtiririka, amenyoosha mikono. Bibi aliacha ungo akafungua mikono yake kumpokea. Mwita alimpita. Alipita pembeni yake bila kumtazama, akaja moja kwa moja upande wangu, akipiga kelele, "Mama! Mama!"

Niligeuka haraka kutazama mlango wa boma nyuma yangu, nikitegemea kumuona amesimama pale na begi lake.

Mlangoni hapakuwa na mtu. Na Mwita alikuwa ameshafika, ameweka uso wake mapajani mwangu, juu ya zile mboga, analia jina lile lile. Nilimtazama Bibi. Bibi aligeuza uso, akaokota ungo wake.

Nikamnyanyua mdogo wangu, nikamlaza kifuani.

"Bee," nikamwitikia.